Klabu ya vitabu redioni: mbona hadithi za mbali zinapigiwa simu kuliko za karibu?

#1 Kipaza_Sauti (mleta mada)
Salaam wadau. Natayarisha kipindi cha klabu ya vitabu kwenye redio ya jamii, saa moja kwa wiki. Tunachagua hadithi za kubuni kutoka pande zote za dunia, msomaji anasoma kipande, mtangazaji anaeleza kwa ufupi yaliyotangulia, halafu tunafungua simu. Wasikilizaji wengi hawana kitabu mkononi na wala hatuwadai wawe nacho.

Kuna jambo linanisumbua. Tukisoma mwandishi wa karibu, mtu ambaye msikilizaji anayajua mazingira yake na hata jina lake, simu zinakuwa chache na anayepiga anasifia tu, "mwandishi ametisha, hongereni kwa kipindi", anakata. Tukisoma cha mbali simu haziishi. Tulisoma Naguib Mahfouz wa Misri, ile sehemu ya mzee Ahmad ambaye nyumbani ni mkali kama nini na usiku anatoka kwenda kustarehe, huku mkewe Amina haruhusiwi hata kuchungulia mtaani, akaja kutoka mara moja tu kwenda kuzuru msikiti wa Hussein, akagongwa na gari, na mume akamfukuza nyumbani. Aisee zile simu! Fundi alilazimika kuzima laini taarifa ya habari ianze. García Márquez wa Kolombia naye, pale kijiji kizima kinapata ugonjwa wa kukosa usingizi mpaka watu wanasahau majina ya vitu na wanaanza kuandika "meza", "saa", "mlango" kwenye kila kitu, watu walipiga kusimulia wazazi wao wanaosahau, wengine wanalia hewani.

Kwa nini iwe hivi? Ninyi mnaosikiliza au kuendesha vipindi vya namna hii mnaonaje?

#2 nimepita_tu
Nafuatilia, siti ya mbele.

#3 Mkwepa_Jaribio
Mkuu jibu ni shule, hakuna lingine. Vitabu vya karibu watu walivisoma kwa ajili ya mtihani. Mtu akisikia Shamba la Wanyama au Shujaa Okonkwo kichwani inakuja "jadili dhamira tano kwa kutoa mifano", fimbo, na mwalimu wa zamu. Nani apige simu kujibu mtihani bure? Cha mbali hakijawahi kumfelisha mtu.

#4 Rafu_ya_Juu
#3 umeongea vizuri ila mifano yako inakugeuka. Shamba la Wanyama ni cha George Orwell, Mwingereza, Fortunatus Kawegere alikitafsiri mwaka 1967. Shujaa Okonkwo ni Achebe wa Nigeria, kwa Kiswahili ni kazi ya Clement Ndulute, 1973. Vyote viwili ni vya mbali! Umeviona vya karibu kwa sababu vilikupitia darasani kwa Kiswahili. Kwa hiyo mleta mada atueleze kwanza "mbali" ni nini, kilomita au mazoea?

#5 Mkwepa_Jaribio
Nakubali kuhusu waandishi, lakini hapo ndo umezidi kunisaidia mkuu. Kitabu cha Uingereza kikishapita darasani kinakufa hewani sawasawa na cha jirani. Shule ndo tatizo.

#6 Zamu_ya_Usiku
Nasikilizaga kipindi cha aina hii nikiwa kazini, naomba niseme la kwangu. Usiku mmoja walisoma ile riwaya ya Han Kang, huyu dada wa Korea Kusini aliyepata Nobeli 2024, kuhusu mwanamke anayeamua tu kuacha nyama na ukoo mzima unamgeukia, mpaka baba yake anamzaba kibao mezani na kumsokomezea nyama mdomoni mbele ya ndugu wote. Mimi sijawahi kupiga simu redioni maisha yangu yote. Nikapiga. Nikamtetea yule Yeong-hye kwa hasira mpaka mtangazaji akanyamaza, na kila neno nililosema lilikuwa la dada yangu, yaliyompata kwenye ndoa yake, ila hakuna aliyesikiliza angeweza kujua. Ingekuwa ni hadithi ya hapa karibu, yenye jina kama la dada yangu, nisingethubutu. Wangesema huyu anamsema fulani.

Kwa hiyo mimi naona cha mbali ni pazia. Unasema yako ukiwa nyuma yake.

#7 Kipaza_Sauti (mleta mada)
#6 asante sana dada, hii sikuwa nimeifikiria hivyo, na pole kwa yaliyompata dada.

#8 Mzee_wa_Mawimbi
Binti wa #6 ameshika penyewe. Mnasahau redio ya jamii ni tofauti na redio ya taifa. Masafa yake ni mafupi, anayekusikiliza ni shemeji yako, mwenye nyumba wako na yule unayemdai. Sauti inatambulika kabla hujamaliza salamu. Kuna redio nilishiriki kuianzisha, tulisoma hadithi fupi ya ndugu wanaogombania shamba la urithi, mwandishi ni mtu wa kulekule. Simu iliingia moja. Yule bwana alianza "mimi naona kaka mkubwa hakukosea..." nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamke inamwambia weka simu chini, akaweka. Siku zilizofuata watu hawakuzungumzia hadithi, walikuwa wanaulizana kaka mkubwa ni nani.

#9 Fundi_Mitambo
Wakuu kabla hatujafika mbali kwenye mambo ya roho, tuanze na mitambo. Mleta mada nijibu haya: vipindi vya vitabu vya mbali na vya karibu vinaruka muda uleule? Ni mtangazaji yuleyule? Na meseji unazihesabu au simu tu? Maana anayekaa na wakwe zake sebuleni hawezi kupiga, anaandika. Afu urefu wa kusoma. Kwa sauti ya redio, bila kukimbia, ukurasa wa riwaya ya kawaida unakula dakika mbili na zaidi. Ukisoma dakika arobaini mfululizo simu zimebaki na dakika ngapi? Nimeona vipindi vinasoma cha karibu kirefu kwa sababu wanakipenda na wanaogopa kukikata, cha mbali wanachagua kipande kimoja kikali tu, dakika kumi, basi. Hapo ulinganifu hakuna.

#10 Kipaza_Sauti (mleta mada)
#9 muda ni uleule. Meseji kwa kweli hatuzihesabu, tunasoma zile mtangazaji anazoziona. Mtangazaji ni mmoja. Ila msomaji sio mmoja: vya karibu anasoma kijana wetu mwenye lafudhi safi ya taarifa ya habari, vya mbali mara nyingi anasoma mama mmoja mstaafu, kwa sababu majina ya kigeni yanampa kijana tabu na mama anayapita tu bila wasiwasi.

#11 Fundi_Mitambo
Haya sasa! Umejijibu mwenyewe mkuu. Ni yule mama.

#12 Kalamu_Kavu
Naungana na fundi, sauti ya msomaji ni nusu ya kitabu. Kule Cuba, kwenye viwanda vya sigara, tangu 1865 wafanyakazi walikuwa na msomaji wao. Yeye anakaa juu ya jukwaa anasoma kwa sauti, wao chini wanasokota majani ya tumbaku. Asubuhi magazeti, baadaye riwaya. Na walikuwa wanamlipa wenyewe kwa kuchangishana kutoka kwenye ujira wao, na riwaya wanaichagua wenyewe. Alexandre Dumas alipendwa mno, na riwaya yake ya The Count of Monte Cristo ndiyo asili ya jina la sigara za Montecristo. Hebu fikiri, riwaya ya Ufaransa inasomwa Havana kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, wanaibishania siku nzima. Msomaji mbovu hakupata kazi. Kwa hiyo hii klabu ya mleta mada ina ukoo mrefu kuliko redio yenyewe.

#13 Rafu_ya_Juu
#12 safi sana. Niongezee kitu kitamu na kichungu: kule Tampa, Florida, ambako Wacuba walihamia na viwanda vyao, mwaka 1931 wenye viwanda waliwaondoa wasomaji kwa madai kwamba wanasoma siasa za kuchochea wafanyakazi, na mahali pao wakaweka... redio.

#14 Mkwepa_Jaribio
Redio ndo ilimfukuza kazi msomaji, leo redio inamtafuta mama mstaafu. Fundi usimguse huyo mama!

#15 Mbuyu_Mnene
Hii nadharia kwamba cha karibu hakizungumziki mimi siiafiki kabisa. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa Caitaani Mutharaba-inĩ mwaka 1980 kwa Kikuyu, ile aliyoianza akiwa kizuizini akiandikia kwenye karatasi za chooni, ameeleza mwenyewe ilivyopokelewa: familia zinakusanyika jioni anayejua kusoma anawasomea, wafanyakazi wanasomeana mapumziko ya mchana, na mabaa kulikuwa na wasomaji kabisa ambao wakifika patamu wanaweka kitabu chini mpaka mtu awajazie glasi. Baada ya hapo mjadala baa nzima. Hiyo ni riwaya ya karibu kuliko zote, kwa lugha yao, inawasema matajiri wanaowajua. Mbona hawakuogopa shemeji wala mwenye nyumba? (Waliotaka kuisoma kwa Kiswahili waliipata kama Shetani Msalabani, 1982.)

Tofauti ni kwamba walikuwa pamoja. Mtu peke yake na simu ni mwoga. Watu ishirini waliosikia kitu kimoja kwa pamoja sio waoga. Mleta mada unda vikundi vya kusikiliza, watu wakutane mahali, wasikilize pamoja, wajadili wao kwa wao kwanza, halafu mmoja apige kwa niaba ya wote. Hili limewahi kufanyika na likafanya kazi, Kanada walianza mwaka 1941 na vikundi vya wakulima, wanakutana nyumbani kwa mmoja wao, wanasikiliza redio, wanajadili, wanaandika majibu yao wanayapeleka studio na wiki inayofuata yanasomwa hewani. Lilidumu zaidi ya miaka ishirini na baadaye India na Ghana wakaiga.

#16 Zamu_ya_Usiku
Kaka #15 nakuheshimu ila baani watu wana kinywaji kichwani na waliokuwepo ni wanaume. Dada yangu angesema nini mle? Nami ningesema nini kwenye kikundi cha majirani? Simu ya usiku peke yangu ndiyo iliyonipa ujasiri, tusiiondoe.

#17 Mzee_wa_Mawimbi
Na hao wakulima wa Kanada walikuwa wanajadili bei na ushirika, hizo si hadithi za kubuni. Kujadili bei ya mazao hakuaniki mambo ya mtu ya chumbani kwake.

#18 Mbuyu_Mnene
Mzee, hoja yangu ni utaratibu wa kikundi, mada yoyote ile. Ila #16 umenipata kidogo kuhusu baa, hapo sina ubishi.

#19 Ukurasa_wa_Mwisho
Naona wote mmeruka jambo moja. Cha mbali hakina mjuaji. Ninakosikiliza mimi kuna mwalimu mmoja, akisikia kinasomwa kitabu anachokijua anapiga simu wa kwanza, anaeleza mwandishi alizaliwa lini, maudhui ni yapi, msomaji kakosea wapi, na baada ya yeye hakuna anayethubutu kusema "mimi yule mhusika kanikera". Nani aonekane mjinga baada ya mwalimu? Siku waliposoma Georgi Gospodinov wa Bulgaria mwalimu alikuwa sawa na sisi, hajui chochote. Tukawa sawa wote. Na mjadala ulikuwa mzuri ajabu. Ni riwaya inayohusu kliniki ya watu wanaopoteza kumbukumbu, kila ghorofa limepangwa kama muongo fulani uliopita, samani, magazeti, nyimbo, ili wagonjwa wapumzike kwenye wakati wanaoukumbuka. Mwisho nchi nzima nzima za Ulaya zinapiga kura ya kuchagua zirudi muongo gani. Mtangazaji akauliza swali moja tu: wewe ungerudi muongo gani na nani ungemkuta? Yani mpaka mwalimu alipiga, na safari hii akamsimulia mama yake.

#20 Kalamu_Kavu
#19 soma tena uliyoyaandika. Simu zilikuja kwa sababu ya SWALI. Kwa kitabu cha mbali mtangazaji anajua watu hawajui kitu, kwa hiyo anajitayarisha, anaeleza mwanzo vizuri, anatafuta swali ambalo mtu yeyote anaweza kulijibu kutoka maishani mwake. Kwa cha karibu anaingia studio mikono mitupu anasema "haya wasikilizaji mnakizungumziaje kitabu hiki?" Swali kama hilo hata mimi najibu "kizuri" nakata simu. Mleta mada chunguza maandalizi ya mtangazaji wako.

#21 Mkwepa_Jaribio
"Mnakizungumziaje" ni mtoto wa "jadili". Narudi palepale, shule!

#22 Kipaza_Sauti (mleta mada)
Nimesikiliza rekodi za nyuma baada ya kusoma #20. Ni kweli maswali ya vitabu vya karibu ni mapana mno. Lakini hainijibu yote, kwa sababu tulisoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022 mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli, na swali lilikuwa panapana vilevile, "mnamwonaje Yusuf?". Simu zilijaa. Yule mtoto anayechukuliwa na tajiri aliyezoea kumwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Watu waliongea kuhusu watoto waliolelewa nyumba za watu, wengine wao ndio hao watoto, sasa wazima. Na hiki ni cha karibu, pwani yetu, majina yetu, Kiswahili.

#23 Rafu_ya_Juu
Cha karibu au cha mbali? Gurnah aliandika kwa Kiingereza, akiishi Uingereza, kitabu kikatoka 1994, na hadithi ni ya kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Labda miaka nayo ni pazia kama kilomita. Wa enzi hizo hayupo wa kukasirika.

#24 Mzee_wa_Mawimbi
Hapo sasa #23 umenena.

#25 Ukurasa_wa_Mwisho
Aliyesoma Peponi ni kijana au mama?

#26 Kipaza_Sauti (mleta mada)
Mama. Kijana alikuwa likizo.

#27 Fundi_Mitambo
Nimekaa pale. Sisemi zaidi.

#28 Chombo_Kipya
Samahani wakuu natoka kidogo kwenye mada, na sisi tunataka kuanzisha kipindi kama hiki. Kwani mnaruhusiwa kusoma kitabu kizima hewani? Nasikia BBC walisoma Vita na Amani ya Tolstoy yote siku moja.

#29 Rafu_ya_Juu
#28 karibu. Hiyo ya BBC ilikuwa mchezo wa redio wenye urefu wa saa kumi, siku ya mwaka mpya 2015, sio kitabu kizima. Waliokisoma kizima mwaka huohuo ni Warusi wenyewe, mwezi Disemba, kama saa 60 kwa siku nne, watu zaidi ya 1,300 wanapokezana. Ila kwa upande wetu wa redio zinazoendeshwa na wasikilizaji, WBAI ya New York ilishafanya mwaka 1970, mchana na usiku, watu wanaingia studio kwa zamu. Na redio ya taifa ya Ireland ilisoma Ulysses ya Joyce yote mwaka 1982, karibu saa 30 bila kusimama.

Kuhusu ruhusa: kusoma kazi ya mtu hewani ni haki yake, unaomba. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi maisha yote ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo, nchi nyingi zimeweka 70. Na angalia hapa ndipo wengi wanaponaswa: tafsiri ina ulinzi wake peke yake. Orwell alifariki 1950, kwa hiyo penye miaka 70 Kiingereza chake kiko huru tangu 2021, lakini Kiswahili cha Kawegere ni kazi nyingine yenye hesabu yake. Kunukuu kipande kifupi kwa ajili ya kukijadili, huku ukitaja chanzo na mwandishi, kunakubalika sehemu nyingi, ila soma sheria ya nchi yenu. Na waandikieni wachapishaji, barua moja ya heshima. Redio ndogo isiyotafuta faida mara nyingine inakubaliwa bure.

#30 Chombo_Kipya
Asante sana mkuu, nimehifadhi.

#31 Kipaza_Sauti (mleta mada)
Wadau nimepata wazo la kupima haya yote. Tutachukua hadithi fupi mbili, moja ya karibu moja ya mbali, zote asome mama, urefu uleule, swali la aina ileile, na hatutaji mwandishi wala nchi mpaka simu zifungwe. Meseji tutazihesabu safari hii.

#32 Mbuyu_Mnene
Majina ya wahusika utayafanyaje? Ukisema Okonkwo au Amina pazia limeshafunguka. Usije ukabadilisha majina, huko ni kuharibu kazi ya mtu.

#33 Kalamu_Kavu
Na mimi sikubaliani na kuficha mwandishi, hasa mfasiri. Hawa watu tayari wanasahaulika. Tuzo ya kimataifa ya Booker tangu 2016 inagawa pesa nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mfasiri, Han Kang mwenyewe alikuwa wa kwanza kwa utaratibu huo akiwa na mfasiri wake Deborah Smith. Halafu sisi tunaosema tunapenda hadithi za dunia, tusome saa nzima bila kumtaja aliyetufikishia?

#34 Zamu_ya_Usiku
Watajwe mwisho, kwa heshima, na wasifu wao usomwe polepole. Ila nusu saa ya kwanza tuachieni sisi na hadithi.

#35 Kalamu_Kavu
Dada mwisho wa kipindi watu wameshazima redio.

#36 Mkwepa_Jaribio
Tafuta hadithi ambayo msimuliaji ni "mimi" na hakuna anayeitwa jina, zipo nyingi tu. Na mwalimu wa #19 asipewe namba ya simu ya studio siku hiyo 😀

#37 Ukurasa_wa_Mwisho
Mwalimu ndiye tunayemtaka siku hiyo kuliko wote. Mleta mada tuwekee tarehe humu, na useme kama kuna marudio, wengine muda huo tuko barabarani.